Mtu aliyehesabu herufi za magazeti

Jackson Heights, eneo la Queens jijini New York, pana kibao cha barabara kinachomfanya mgeni asimame asome mara mbili. Kimeandikwa jina la Barabara ya 35, na pembeni mwa kila herufi pana tarakimu ndogo: H ina 4, V ina 4, E ina 1. Kiliwekwa mwaka 1995 kumuenzi mkazi wa zamani wa mtaa huo, Alfred Mosher Butts. Mwaka 2008 kikatoweka, na nguzo ikabaki hivyo hivyo hadi 2011, kiliporudishwa. Kila Aprili 13, siku aliyozaliwa Butts mwaka 1899, wapenzi wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, humkumbuka. Wengi wengine hucheza bila kujua kwamba mchezo huu ulibuniwa na mtu.

Butts alikuwa msanifu majengo, na mdororo mkuu wa uchumi ulimwacha bila kazi. Stefan Fatsis, mwandishi wa habari aliyeandika kitabu *Word Freak* mwaka 2001, anaeleza alivyoutumia muda huo mchungu. Michezo ya watu wazima, aliona Butts, ni ya aina tatu: ya namba kama dadu, ya kusogeza kete kama sataranji, na ya maneno. Ya maneno ndiyo iliyokosa mchezo mmoja wa kueleweka, wenye bahati na akili kwa pamoja.

Alikuwa amesoma hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1843, *The Gold-Bug*, ambamo fumbo la siri linafumbuliwa kwa kuangalia herufi zipi hujirudia zaidi. Basi akachukua kurasa za magazeti, *New York Times* likiwemo, akahesabu kwa mkono, herufi kwa herufi, vijistari juu ya karatasi. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mfuko wa vigae 100 tunaoutumia hadi leo: E kumi na mbili, A tisa, I tisa, Q moja tu yenye alama 10. S akaibana makusudi, zikawa nne, kwa sababu Kiingereza kinaongeza S kila kona na mchezo ungekuwa rahisi mno. Kazi ya fundi ni hiyo. Inauma kwamba kampuni za michezo zilimkataa moja baada ya nyingine.

Ubao ulikuja 1938. Mwaka 1948 James Brunot wa Connecticut aliuchukua mchezo na kuubatiza Scrabble. Mwanzoni alikula hasara. Inasimuliwa kwamba mwaka 1952 mkuu wa duka la Macy's aliucheza akiwa likizo, akarudi kuuliza kwa nini dukani kwake haupo. Baada ya hapo watengenezaji hawakuwahi kupumzika.

Mchezaji wa klabu akichota vigae saba huvipanga kwa mfuatano wa alfabeti kichwani mwake. AEINRST, kwa mfano. Wewe na mimi tunaona vurugu. Yeye anaona RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER, ANTSIER, STEARIN, na alama 50 za nyongeza kwa kumaliza vyote saba. Maana ya neno haimsumbui. Kwake STEARIN ni umbo, kama vile mshonaji anavyoona kitambaa kabla ya kuona gauni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kamusi rasmi ya wachezaji wa Marekani ilitoka 1978, ikiwa imekusanywa kutoka kamusi kubwa kadhaa, na kila lililokuwemo humo likaingia, matusi ya rangi na ya dini yakiwemo. Butts alifariki Aprili 1993, akiwa na miaka 93. Muda mfupi baadaye mwanamke mmoja wa Virginia aligundua kuwa kamusi hiyo inaruhusu tusi wanalotukanwa Wayahudi. Akaandika barua, akajibiwa kwa ukavu, akazidi kuandika. Mashirika ya kutetea haki yakaingia, na Hasbro, mwenye mchezo nchini Marekani, akatangaza kwamba maneno hayo yataondolewa.

Wachezaji wa vilabu wakawaka. Walitia saini maombi, wakalalamika kwamba neno kwenye ubao halimtukani mtu, kwamba ni herufi na alama, na kwamba wamekesha miaka mingi wakizikariri. Mwafaka uliofikiwa ulikuwa wa ajabu: kamusi ya nyumbani na shuleni ikasafishwa, na wachezaji wa mashindano wakapewa orodha yao peke yao, isiyo na maana za maneno, matusi yote yakiwa ndani.

Mimi nasimama na yule mwanamke. Mtu ambaye babu yake mwenye mvi aliitwa "boi" na kijana wa kizungu anajua kwamba neno halipotezi uzito wake kwa sababu limeandikwa kwenye kigae. Ilichukua zaidi ya miaka 25. Mwaka 2020 chama cha wachezaji wa Amerika Kaskazini kiliyaondoa matusi hayo, na 2021 Mattel, mwenye mchezo katika nchi nyingine, akafuta takriban 400.

Kiingereza chenyewe, wakati huo, kilikuwa kimeshapata mabingwa wapya. Novemba 2015, huko Perth, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia kwa michezo 4 kwa 0, akifunga kazi kwa neno fupi, FELTY. Mwaka 2017 mashindano ya dunia yakaja Nairobi, Akshay Bhandarkar akaibuka mshindi. Ilistahili kuwa habari ya ukurasa wa mbele kwetu.

Maana orodha inayotumika kwenye mashindano hayo imebeba SAFARI, ASKARI, DUKA na MZEE, mwenye alama 15 kwa ajili ya ile Z. Na anayejikuta ameshika U tatu mkononi, jinamizi la kila mchezaji, akiwa pia na H na R, anaandika UHURU. Butts aliweka U nne tu katika mfuko mzima. Tatu kati yazo zinaondoka kwa mkupuo mmoja.