Udereva wa Malori Barabara ya TANZAM: Mambo ya Kupima kwa Kijana Anayeanza Kazi

Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia (TANZAM) hupita katikati ya maisha ya wananchi wa Nyanda za Juu Kusini. Malori yenye shehena za Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanda Mlima Kitonga, hupita Ipogolo mjini Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, kisha huiacha Mbeya kwa njia ya Mbalizi kuelekea mpakani Tunduma. Kwa kijana aliyehitimu shule katika miji hiyo, udereva wa malori ni miongoni mwa kazi za kwanza anazozifikiria, kwa kuwa huwaona wanaoifanya kila siku. Iwapo kazi hiyo inamfaa au la ni jambo linalotegemea zaidi masharti ya ajira kuliko kiasi cha fedha anachotajiwa siku ya kwanza.

Kazi yenyewe ina historia ndefu katika ukanda huu. Novemba 1965, utawala wa walowezi wa Rhodesia ulipojitangazia uhuru, Zambia ililazimika kutafuta njia mbadala ya kupitishia mafuta na shaba yake. Malori yalianza kusafirisha shehena hizo kupitia Tanzania katika barabara iliyokuwa bado ya vumbi na tope, na madereva wengi walipoteza maisha kabla ya lami kufika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo, lori halikuondoka barabarani. Shaba ya Zambia na ya Katanga inaendelea kushuka kuelekea Bandari ya Dar es Salaam, na bidhaa kutoka bandarini zinaendelea kupanda.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna njia ya mkato ya kufikia usukani wa semitrela. Leseni ya daraja E, inayohusu magari makubwa ya mizigo, hutolewa kwa mwombaji aliyekuwa na leseni ya daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Mafunzo hutolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) jijini Dar es Salaam pamoja na vyuo vya VETA, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ina jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara. Kijana anayeanza leo akiwa na umri wa miaka 20 anapaswa kupanga maisha yake akijua kwamba safari ya Lubumbashi haiko karibu.

Miaka hiyo ya kusubiri si lazima ipotee. Viazi na maparachichi ya mikoa hii husafirishwa na magari madogo ya mizigo, na humo ndimo dereva mchanga hujifunza kupanga shehena, kufunga turubai na kutunza breki. Wengine huanza wakiwa utingo katika malori makubwa. Utingo hujifunza mengi kwa kuangalia, lakini kushika usukani bila leseni stahiki, hata kwa kilomita chache usiku wakati dereva amelala, ni kosa la jinai, na desturi hiyo imezoeleka kuliko inavyopaswa.

Kuhusu kipato, kijana anapaswa kutofautisha mshahara na posho ya safari. Waajiri wengi hulipa mshahara mdogo wa mwezi na kuongeza posho kwa kila tripu. Kwa dereva anayeanza, posho huvutia kwa sababu huipata mkononi kabla ya kuondoka. Tatizo hujitokeza pale gari linaposimama. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa kuvuka, na ukaguzi wa pande zote mbili sasa hufanyika mahali pamoja. Pamoja na hayo, foleni haijakoma. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na madereva wakabaki barabarani na shehena zao. Anayelipwa kwa tripu hubeba hasara ya kila siku ya kusubiri, kwani posho iliyokadiriwa kwa siku 10 huliwa kwa siku 20. Kwa hiyo swali la msingi la kumuuliza mwajiri ni nani anayelipia siku ambazo gari halitembei.

Kuna athari nyingine isiyoonekana mapema. Michango ya hifadhi ya jamii hukokotolewa kwa mshahara. Dereva ambaye sehemu kubwa ya kipato chake ni posho anaweza kuishi vizuri kwa miaka 25, kisha akastaafu kwa pensheni isiyolingana na maisha aliyoyazoea. Kiinua mgongo nacho, ambacho kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi kikomo cha miaka 10, hakihesabu posho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inampa dereva kinga ambazo wengi hawazifahamu. Mkataba wa mfanyakazi anayetakiwa kufanya kazi ndani au nje ya nchi ni lazima uwe wa maandishi, hivyo makubaliano ya mdomo kwa dereva wa Kongo hayatoshi. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na kwa siku moja, pamoja na saa za ziada, mfanyakazi hapaswi kuzidisha saa 12. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kipengele kinachowagusa madereva zaidi ni makato. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa sababu ya tairi lililopasuka au mzigo uliopungua bila mfanyakazi kuridhia kwa maandishi baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na makato hayo hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira wake. Vilevile mwajiri anawajibika kumsajili katika NSSF na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao humlipa mfanyakazi anayeumia au familia ya anayefariki akiwa kazini.

Kinga hiyo ya mwisho si ya kinadharia katika barabara hii. Mlima Kitonga na miteremko ya Mbeya, ikiwemo Iwambi, haisamehi uzembe. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu jumla ya tani 56, na uzito huo ukishuka mlimani kwa kutegemea breki za miguu pekee huzichemsha hadi zikashindwa kushika. Dereva anayejua kazi huingia gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, wala hazimi injini ili kuokoa dizeli. Mizani za Wenda, Makambako na Mpemba hupima uzito. Hali ya breki ni jukumu la dereva na mwenye gari, na dereva ana haki ya kukataa kuondoa gari bovu.

Afya nayo inahitaji kuzingatiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa kitaifa ni 4.4. Vituo vikubwa vya kulala madereva vimo katika mikoa hiyo hiyo. Kwa kijana mwenye mwenza nyumbani, kuwa mbali kwa wiki kadhaa ni sehemu ya gharama ya kazi hii, na ni vyema wawili hao walizungumze kabla ya mkataba kusainiwa.

Dereva mwenye mgogoro na mwajiri anaweza kuwasilisha shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Shauri la kuachishwa kazi huwasilishwa ndani ya siku 30, na madai mengine, ikiwemo mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Kwa kuwa safari moja ya Kolwezi kwenda na kurudi huweza kuchukua wiki kadhaa, dereva anayeahirisha madai yake hadi amalize tripu mbili anaweza kurejea Mbeya muda ukiwa umekwisha kupita. Nakala ya mkataba, hati za mishahara na kumbukumbu za tarehe za kila safari ni vema zibaki nyumbani, si ndani ya kichwa cha lori.