Umeme Uliopita Juu ya Vijiji

Mwaka 1982 Zaire ya Mobutu ilikamilisha laini ya umeme ya kilomita 1,700, kutoka Inga, karibu na Mto Kongo unapoingia baharini, hadi Kolwezi kwenye migodi ya shaba. Ilibeba volti 500,000, na umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu, maana kwa safari ndefu kiasi hicho mkondo geu ungekuwa taabu. Siasa nayo ilikuwamo. Katanga, jimbo la migodi hiyo, ilikuwa imejitenga mwaka 1960 hadi 1963, na wachambuzi wengi wameiona laini hiyo kuwa hatamu: migodi itegemee umeme unaotoka upande wa Kinshasa.

Vijiji vilivyopitiwa na nguzo vilibaki na vibatari. Serikali ililaumiwa, na ilistahili. Lakini fizikia nayo ilikuwa na lake. Kuteremsha umeme wa aina hiyo kijijini kunataka kituo cha kuubadili, chenye gharama kubwa mno. Na ukishatoa matawi, unahitaji breka ya kutenga tawi lenye hitilafu ili laini nzima isizime. Breka hiyo haikuwapo.

Ukifungua swichi, umeme hauachi mara moja. Huruka pengo, hewa ikawaka, cheche ikasimama katikati. Mkondo geu wa hezi 50 hufika sifuri mara 100 kila sekunde, hapo cheche hupata mwanya wa kufa. Mkondo mnyoofu haufiki sifuri. Cheche hulamba shaba mpaka iyeyuke. Mafundi wa karne ya 19 waliitafutia dawa: sumaku ya kuisukuma cheche, inyooshwe hadi ikatike. Dawa hiyo ilitosha tramu. Kwa volti laki tano haikufua dafu. Kwa hiyo laini kama ya Inga huzimwa kutoka ncha zake: thairista, yaani swichi za kielektroniki, huamriwa kuubana mkondo, na breka hukaa upande wa mkondo geu.

Novemba 2012 kampuni ya ABB ilitangaza breka iliyounganisha swichi ya chuma na vifaa vya kielektroniki, yenye uwezo wa kukata mkondo mnyoofu wa volti nyingi ndani ya milisekunde 5. Mwaka 2020 China iliwasha gridi ya Zhangbei, yenye vituo vinne na breka za namna hiyo. Laini ya Ethiopia hadi Suswa, Kenya, ya mwaka 2022, bado ina ncha mbili tu.

Laini ya Inga haikugeukia Kivu, mashariki mwa nchi hiyo. Lakini Kivu imo ndani ya vifaa vya umeme vya dunia nzima: kolutani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantalamu ya kapasita, na bati la Bisie, Walikale, ni la kutengenezea lehemu. Wenyeji wengi wa huko, ambao gridi haijawafikia, mkondo mnyoofu wanaujua kwa paneli za sola na betri ya volti 12. Humo breka ndogo ina kazi ileile ya kuua cheche. Ya mkondo geu ikifungwa kwenye paneli zilizounganishwa mfululizo, zenye mamia ya volti, inaweza kuungua. Hata iliyo sahihi, kama ina alama ya + na −, ikifungwa kinyume sumaku yake huisukuma cheche upande usio na vibati vya kuipoza. Plastiki ndiyo huanza kuyeyuka.