Mtumishi Hewa Ndani ya Seva

Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Mwaka huohuo serikali ilianza kusaka watumishi hewa: watu waliokufa, kustaafu au kuacha kazi huku majina yao yakiendelea kulipwa mishahara. Walipatikana zaidi ya 10,000. Sikudhani ningekuja kukutana na mmoja ndani ya kompyuta.

Ilikuwa Tunduma, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Usiku umeme ulikatika. Asubuhi seva iliwaka, lakini programu ya nyaraka ikagoma, ikidai tayari inafanya kazi. Nje, madereva wa malori ya kwenda Nakonde walisubiri karatasi zao.

Desturi iliyonikwamisha ni ya zamani. Katika Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969, kila programu inayoendeshwa hupewa namba. Huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia zikazoea kuandika namba zao kwenye faili dogo, ili huduma moja isianzishwe mara mbili na kuvuruga data. Ikizimwa kwa utaratibu, hufuta faili lake. Umeme ukikatika, haipati nafasi ya kuaga.

Nilisoma faili: 1482. Nikatazama, namba hiyo ilikuwa hai. Nikaiua. Dakika chache baadaye sauti ikatoka chumba cha pili: printa haichapi. Kumbe seva ilipowaka upya, 1482 ilipewa huduma ya uchapaji. Nilikuwa nimemuua jirani kwa deni la marehemu, na madereva wakasubiri zaidi.

Kuanzia mwaka 2011 matoleo makubwa ya Linux yalihamishia mafaili haya kwenye folda ya /run, inayokaa kwenye kumbukumbu ya muda na kutoweka mashine ikizimika. Programu yetu ilikuwa bado inaandika kwenye diski.

Niliongeza mistari michache. Sasa, kabla ya kuanza, programu huuliza maswali mawili: namba hii iko hai? Na kama iko hai, je, ni mimi? Jibu la lolote likiwa hapana, hufuta faili na kuendelea. Ndivyo watumishi walivyohakikiwa pia: jina kwenye orodha halikutosha, mtu alitakiwa afike mwenyewe.

Umeme bado hukatika. Madereva hawajui kilichobadilika, wanapokea karatasi zao na kuondoka.