Fornés na Nyumba ya Fefu
María Irene Fornés, aliyezaliwa Havana mwaka 1930 na kuhamia New York akiwa na miaka 15, alitaka kwanza kuwa mchoraji. Akiwa Paris alitazama tamthilia ya Beckett ya kumngojea Godot, ikiigizwa kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Ikamgeuza.

Ndiyo maana, nadhani, hakuuogopa mpango wa ajabu wa Fefu and Her Friends (1977). Wanawake wanane wanakutana katika nyumba moja huko New England, mwaka 1935. Hadhira huanza pamoja. Kisha hugawanywa makundi manne na kupelekwa jikoni, bustanini, chumba cha kusomea na chumba cha kulala. Maonyesho manne huenda kwa wakati mmoja, na waigizaji huyarudia mara nne hadi kila kundi lipite kote. Wazo hilo halikutoka vitabuni: alikuwa akitafuta ukumbi, akatembezwa vyumba vya jengo. Mtazamaji aliye hatua chache tu kutoka kitanda cha Julia, mwanamke aliyepooza anayehojiwa na mahakimu wasioonekana, hana pa kujificha. Tena anajua nyuma ya ukuta maisha yanaendelea bila yeye.

Kazi ya namna hiyo haiuziki kirahisi katika kumbi kubwa. Kuanzia 1981, katika jumba la INTAR, aliwafunza waandishi wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mmoja wao, Nilo Cruz, alitunukiwa Pulitzer mwaka 2003. Mwalimu aliishia kuwa mteule wa mwisho, mwaka 1990.