Toka Kwa Dirisha

Kuna kitu watu wa Halifax, Kanada, walijifunza mwaka wa 1917. Sisi Nairobi tulikuja kukijua mwaka wa 1998, na tukalipa kwa macho yetu vilevile. Ni kitu kidogo sana: ukisikia kishindo, usikimbilie dirisha.

Hii historia ni yako wewe ambaye uko na kazi tayari. Wewe wa geti, wewe wa mapokezi, wewe makanga, wewe wa duka la simu. Wasee wengi hufikiria kusomea usimamizi wa majanga ni mambo ya watoto wa kampasi wanaotafuta kazi kwa mashirika makubwa. Lakini cheki vile hii elimu ilianza.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, meli mbili ziligongana kwa bandari ya Halifax. Moja, Mont-Blanc ya Ufaransa, ilikuwa imejaa vilipuzi vya vita. Ikashika moto. Sasa fikiria: meli inawaka kama dakika 20 hivi, moshi umepanda juu, na karibu hakuna mtu mjini anajua imebeba nini. Watu wakafanya kile mimi na wewe tungefanya. Walisimama kwa madirisha wakitazama, wazazi na watoto. Halafu ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa, wengine kama 9,000 wakaumia. Vioo viliwaingia watu machoni hadi madaktari wakalazimika kutoa macho zaidi ya 200.

Kwa huo mji kulikuwa na kasisi wa Anglikana anaitwa Samuel Henry Prince. Huyu alikuwa ameona majanga. Titanic ilipozama mwaka wa 1912, alipanda moja ya meli zilizotumwa kutafuta maiti baharini. Mlipuko ulimpata akiwa na miaka 31, na kazi yake ya kanisa, kwa mji uliojaa mazishi. Baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka wa 1920 tasnifu yake ya udaktari kuhusu Halifax ikachapishwa. Hadi leo wasomi huitaja kama utafiti wa kwanza wa kisayansi kuhusu vile jamii hufanya janga likiingia.

Tulia hapo kidogo. Mtu aliyefungua hii njia hakuwa kijana wa miaka 19 aliyepangiwa kozi. Alikuwa mtu mzima, mfanyakazi, aliyekuwa ameenda baharini kutafuta maiti. Maswali aliyatoa kazini, ndiyo akayapeleka darasani. Na moja ya mambo aliyoandika ni kwamba kati ya watu waliojipanga mapema kusaidia majeruhi kulikuwa na waigizaji wa jukwaani. Ndiyo. Waigizaji.

Sasa turudi nyumbani. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, lori lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Mlinzi Mkenya, bila bunduki, alikataa kuwafungulia geti. Akajaribu kuita kwa redio, laini ilikuwa inatumika. Akajaribu simu, ilikuwa bizi. Washambuliaji wakarusha guruneti na kufyatua risasi. Na watu ndani ya ubalozi na kwa majengo ya karibu waliposikia hizo kelele, waliinuka wakaenda kwa madirisha kuona kunaendaje.

Unajua kilichofuata. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, zaidi ya 4,000 wakaumia, na wengi sana waliumia macho kwa sababu ya vioo. Ni kama Halifax tena, miaka 80 baadaye.

Tume ya Marekani yenyewe iliyochunguza shambulio ilikubali kwamba hakukuwa na king'ora cha kuwaambia watu wajikinge, na kwamba mazoezi ya bomu la gari hayakuwa yakifanywa. Ubalozi wa nchi tajiri kiasi hicho! Kumbe maarifa yanaweza kukaa kwa maktaba miaka 80 na bado yasifike ghorofa ya tatu, penye kuna mtu anapanga faili.

Na waliofika kwanza pale Ufundi House ilipoanguka walikuwa wananchi. Walichimba vifusi kwa mikono, wakabeba majeruhi kwa matatu na magari ya watu binafsi. Waokoaji wa Israeli wenye mbwa na vifaa walikuja baadaye. Kenya ilikuwa imeunda Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Majanga mwanzoni mwa mwaka huohuo, baada ya mvua za El Niño, kwa hivyo kilikuwa bado kichanga kabisa.

Hiyo ndiyo sababu nasema hii elimu ni ya mtu aliye kazini. Janga likianza, wewe ndiwe uko hapo. Mtaalamu yuko kwa jam.

Najua utaniambia nini. Ati unatoka kazini saa kumi na mbili, unafika kejani saa mbili, na sasa mimi nakutuma darasani. Ni ukweli, kuchoka si uvivu. Mimi niliacha chuo kikuu, kwa hivyo siwezi kukuuzia ati karatasi ni kila kitu. Lakini kuna ngazi hapa, na si lazima uanze juu. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza, na hiyo haikuli miaka. Ukitaka kwenda mbali, Masinde Muliro kule Kakamega ina skuli nzima ya usimamizi wa majanga. Na KNQA inasimamia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, hata kama hakukaa darasani.

Halafu kuna mwajiri. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2007 kuhusu hatari ya moto zinataka kila mahali pa kazi pafanye zoezi la moto angalau mara moja kwa mwaka. Hiyo ni elimu unayodai, tena ndani ya saa za kazi. Usiombe kama unaomba soda. Na mlinzi asiachwe nje akishikilia geti wakati nyinyi mnafundishwa pa kutokea, maana siku ikifika, yeye ndiye ataona lori kwanza.

Kwa hivyo Jumatatu uliza bosi maswali mawili. Zoezi la mwisho lilikuwa lini? Na king'ora kikilia, nani amefundishwa kuongoza watu? Kama hakuna jibu, jina lako liwe la kwanza kwa hiyo orodha. Halafu uje uniambie alisemaje.