BCCI: Benki Iliyokuwa Kila Mahali na Isiyokuwa na Mlinzi



Mwezi huu mtukufu wengi wetu hukaa chini tukahesabu mali yetu ili tujue zaka ni kiasi gani. Na ukihesabu utaona kwamba pesa nyingi siku hizi haziko chini ya godoro wala kwenye kibweta cha nyanya. Ziko benki. Sasa hebu nikuulize: ushawahi kufikiria ni nani anayeichunga benki yenyewe? Na je, benki ikiwa na mguu mmoja nchi hii na mguu mwingine nchi ile, ni serikali ya wapi inayoijua yote?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Wako watu waliopoteza akiba ya maisha yao kwa sababu halikuulizwa mapema. Kisa chao kinatuhusu sana sisi Waislamu, kwa sababu benki yenyewe iliasisiwa na Mwislamu, ikapewa mtaji na Waislamu, na wengi walioiamini walikuwa ni ndugu zetu.

MWANZO MZURI

Mwaka 1972 bwana mmoja wa Pakistan aitwaye Agha Hasan Abedi alianzisha Bank of Credit and Commerce International, yaani BCCI. Mtaji ulitoka kwa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi na kwa Bank of America ya Marekani, ambayo baadaye iliuza hisa zake ikajitoa. Wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Mwaka uliofuata, 1973, bei ya mafuta ilipanda vibaya na nchi za Ghuba zikajaa pesa.

Abedi aliinadi BCCI kama benki ya Ulimwengu wa Tatu, benki ya wale ambao benki kubwa za London na New York zilikuwa zikiwaangalia kwa dharau. Maneno haya yaliingia watu moyoni. Wahamiaji wa Kipakistani, Kihindi na Kibangladeshi waliokuwa na viduka vyao Uingereza walipeleka akiba zao huko. Serikali za Afrika nazo zikafungua akaunti. Ilipofika kileleni, benki ilikuwa na matawi zaidi ya 400 katika nchi zaidi ya 70, na ikidai kuwa na mali ya dola bilioni 20.

Ni nani asingejivunia?

NYUMBA YENYE MILANGO MINGI

Tatizo lilikuwa kwenye umbile lake. Kampuni mama iliandikishwa Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya. Chini yake kulikuwa na benki mbili: moja ya Luxembourg na nyingine ya visiwa vya Cayman, mahali panaposifika kwa usiri. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ikiendeshwa kutoka London!

Matokeo yake ni kwamba msimamizi wa Luxembourg alikuwa na karatasi, lakini biashara nyingi haikuwa kwake. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na biashara mbele ya macho yake, lakini ikisema mwenye dhamana kuu ni Luxembourg. Hata wakaguzi wa hesabu walikuwa wawili mpaka mwaka 1987, kila mmoja akikagua upande wake. Hakuna aliyeishika benki nzima mkononi akaigeuza juu chini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. BCCI ilikuwa na madaftari mengi, tena mazuri, ila yalikuwa hayasemi kweli. Ndani yake kulikuwa na mikopo mikubwa kupita kiasi iliyopewa kundi moja la kampuni za meli, na mikopo ile haikulipwa. Kulikuwa na hasara katika biashara ya fedha. Badala ya kukiri, wakubwa wa benki walichukua amana za wateja wapya kuziba mashimo ya zamani, wakaandika mikopo isiyokuwepo ili hesabu zilingane. Tena kwa siri, kupitia majina ya watu wengine, benki ikamiliki benki nyingine kubwa jijini Washington.

Mwaka 1988 mambo yakaanza kufichuka. Maafisa wa forodha wa Marekani walijifanya wafanyibiashara wa pesa za dawa za kulevya, wakawaalika maafisa wa BCCI kwenye harusi ya uongo huko Florida. Badala ya kula pilau wakatiwa pingu. Januari 1990 benki ikakubali mahakamani makosa ya kusafisha pesa haramu.

Ungedhani hapo wangefunga mlango. La. Ilichukua mwaka mmoja na nusu mwingine.

IJUMAA, TAREHE 5 JULAI 1991

Baada ya wakaguzi kuwasilisha ripoti nzito ya udanganyifu mwezi Juni 1991, wasimamizi wa nchi kadhaa waliifunga BCCI kwa pamoja siku ya Ijumaa, tarehe 5 Julai. Watu walikuta milango imefungwa. Wenye maduka waliokuwa wameweka pesa za kununulia bidhaa wakawa hawana la kufanya. Halmashauri moja ya visiwa vya Western Isles, Scotland, ilikuwa imeweka humo pauni milioni 23 za wananchi wake.

Uingereza ilikuwa na mfuko wa kuwalinda wenye amana, lakini ulilipa robo tatu tu ya pauni 20,000 za kwanza. Yaani hata kama ulikuwa na pauni 100,000, ulichopata haraka hakikuzidi 15,000. Kilichobaki, subira. Wafilisi walifanya kazi ya kukusanya mabaki kwa takriban miaka 20, wakarudisha zaidi ya nusu ya madeni. Ni kazi kubwa, lakini fikiria mzee aliyekuwa na miaka 60 mwaka 1991. Wangapi waliishi mpaka kuona malipo ya mwisho?

DUNIA IKAJIFUNZA NINI?

Si kwamba hakukuwa na chombo cha kimataifa. Mwaka 1974 benki ya Herstatt ya Ujerumani ilipoanguka na kuziachia hasara benki za nchi nyingine, magavana wa benki kuu za nchi tajiri waliunda kamati mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1988 kamati hiyo ilikubaliana kwamba benki iwe na mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali yake, ikipimwa kulingana na hatari yake.

Baada ya BCCI, mwaka 1992, ikaongeza masharti: kila benki ya kimataifa lazima iwe na msimamizi mmoja wa nyumbani anayeiona yote kwa pamoja, kufungua tawi nje kunahitaji ruhusa ya pande mbili, na nchi mwenyeji isiporidhika na usimamizi wa kule ilikotoka, inaweza kuikataa. Ulaya nayo mwaka 1995 ikaamrisha kwamba benki iwe na makao yake makuu katika nchi ilikoandikishwa.

Je, yalikwisha? Hapana. Oktoba 2008, katika ule msukosuko mkubwa wa fedha duniani, benki ya Landsbanki ya Iceland ilianguka ikiwa na amana za mamia ya maelfu ya watu wa Uingereza na Uholanzi. Msimamizi mkuu alikuwa Iceland, nchi ndogo isiyoweza kulipa mzigo ule. Sheria ilikuwepo, lakini uwezo haukuwepo.

NA SISI HAPA?

Benki zenye makao makuu Nairobi leo zina matawi au kampuni tanzu Uganda, Tanzania, Rwanda mpaka Kongo. Ni maendeleo, na pia ni jukumu kwa Benki Kuu za kanda hii kuzungumza mapema, si baada ya mlango kufungwa. Sisi wenyewe tulionja: Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi maalum Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Kinga ya mwenye amana ilikuwa shilingi 100,000 tu. Tangu Julai 2020 ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Zaidi ya hapo, unasubiri foleni.

Mwaka 2008 tulipata benki za kwanza nchini zinazofuata sharia kikamilifu. Alhamdulillah, wengi walisubiri siku hiyo kwa miaka. Lakini tusichanganye mambo. Kuepuka riba ni wajibu, na kuweka hesabu za kweli ni wajibu pia. Jina la Kiislamu mlangoni halimtoshi mtu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu nini? Kuandika madeni na kuweka mashahidi!

Tazama mfano wa Zubayr bin Al-Awwam, radhi za Allah ziwe juu yake. Watu walipomletea amana alikuwa akiwaambia aihesabu kuwa ni deni, kwa kuogopa isije ikapotea nao wakakosa haki yao. Alipouawa mwaka 36 Hijria aliacha madeni ya 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi, akalipa, kisha kwa miaka minne akatangaza kila msimu wa Hija: mwenye kumdai Zubayr na aje. Hakugawa urithi kabla ya hapo. Hiyo ndiyo amana.

Basi, kijana mwenzangu, kabla hujaweka jasho la mzazi wako popote, iwe benki, chama cha akiba au hao wanaoahidi faida ya haraka kwenye simu, uliza matatu: Nani amewapa leseni? Nani anakagua hesabu zao zote, si nusu? Zikipotea, nitalipwa kiasi gani na nani? Ukijibiwa kwa hasira, au ukaambiwa "sisi ni ndugu, tuaminiane tu", chukua pesa zako urudi nyumbani.

Allah atutakasie mali zetu, atukubalie funga zetu, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Aamin.