Waislamu wa Kazakhstan na Silaha za Maangamizi: Funzo la Hilful-Fudhul

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Amma baad.

Aya ya 60 ya Suratul-Anfal imewaamrisha Waislamu waandae nguvu kwa kadiri ya uwezo wao. Je, inajuzu kwa taifa la Waislamu kuachana na silaha kali kuliko zote, tena kwa makubaliano na wasiokuwa Waislamu? Swali hili si la darasani tu. Kazakhstan, nchi ya Asia ya Kati ambayo wananchi wake wengi ni Waislamu, ilikabiliwa nalo mwaka 1991.

Tarehe 29 Agosti 1949 Muungano wa Kisovieti ulilipua bomu lake la kwanza la nyuklia katika nyika za Semipalatinsk, mashariki ya Kazakhstan. Hadi kufikia 1989 yalifanyika hapo majaribio 456, na zaidi ya 100 kati ya hayo hayakuwa chini ya ardhi. Wanavijiji na wafugaji wa eneo lile hawakutakwa shauri. Vumbi lenye mionzi liliangukia malisho, mifugo na watu, na maradhi yake yamewafikia hata waliozaliwa baadaye. Mwezi wa Februari 1989, baada ya gesi yenye mionzi kuvuja, mshairi Olzhas Suleimenov aliwaita wananchi, ikaundwa harakati ya Nevada-Semipalatinsk. Tarehe 29 Agosti 1991 Rais Nursultan Nazarbayev akatia saini amri ya kukifunga kituo kile.

Dola ya Kisovieti iliposambaratika Desemba 1991, taifa hilo changa lilijikuta na vichwa vya nyuklia zaidi ya 1,000 katika ardhi yake. Insafu inatutaka tuseme kwamba mamlaka ya kuvifyatua yalibaki Moscow. Hata hivyo, walikuwapo walioshauri visiachiwe. Serikali ilichagua njia nyingine. Mei 1992 ilitia saini Itifaki ya Lisbon, na mwaka 1994 ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1991 iliyoasisiwa na maseneta Sam Nunn na Richard Lugar, ilitoa fedha na wataalamu. Kufikia Aprili 1995 vichwa vyote vilikuwa vimekwisha rejeshwa Urusi.

Kazi haikuishia hapo. Novemba 1994, kiasi cha kilo 600 za urani iliyorutubishwa sana zilichukuliwa kwa siri kutoka kiwanda cha Ulba, mjini Ust-Kamenogorsk, zikapelekwa Oak Ridge, Marekani, zisije zikaangukia mikononi mwa waovu. Katika mlima wa Degelen, mabaki ya plutoni yalikuwa yameachwa ndani ya mahandaki, na watu maskini wakiingia humo kutafuta vyuma chakavu. Wataalamu wa Kazakhstan, Urusi na Marekani walishirikiana kuyaziba hadi mwaka 2012.

Tuirejee sasa fiqhi. Wapo wanaohalalisha silaha hizi kwa kuzifanyia kiasi na manjaniki, mtambo wa kurushia mawe ambao mafakihi waliujuzisha katika kuzingira ngome, ingawa ndani yake huenda mna wasiopigana. Hiki ni kiasi chenye tofauti ya wazi. Jiwe la manjaniki lililenga ukuta, na madhara yake yakaishia pale lilipoangukia. Mionzi haitambui ngome wala muda. Humfuata mtoto tumboni. Na Sayyidna Abubakar (r.a.), kama alivyopokea Imam Malik katika Muwatta, alimuusia Yazid bin Abi Sufyan asiue wanawake, watoto wala wazee, na asikate miti yenye matunda. Silaha isiyoweza kuutii wasia huo haiingii katika nguvu tulizoamrishwa kuziandaa.

Ama kushirikiana na wasiokuwa Waislamu, dalili yake ni Hilful-Fudhul. Kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria mkataba huo nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Makka, ambapo makabila yaliafikiana kumnusuru kila aliyedhulumiwa. Baada ya utume alisema kuwa lau angeitwa kwenye mkataba kama ule angeitika. Kizingatiwacho ni jambo lenyewe, si dini ya aliyeliitia.

Atauliza muulizaji: mbona Ukraine nayo iliachia silaha hizo, ikapewa ahadi za usalama mjini Budapest Desemba 1994, kisha Urusi ikaivamia mwaka 2014 na 2022? Kazakhstan pia ilipewa ahadi kama hizo siku hiyo hiyo. Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini lawama ni ya aliyevunja ahadi. Mtume (s.a.w.) alitekeleza sharti la Hudaybiya hata kwa kumrudisha Abu Jandal, hali Sahaba wakiumia nyoyo. Mataifa makubwa nayo yamefungwa na kifungu cha 6 cha mkataba ule ule kujadiliana kwa nia njema juu ya kuziondoa silaha zao. Tunayo haki ya kuwakumbusha, na aliyetangulia kutekeleza ndiye mwenye ulimi wa kukumbusha.

Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 29 Agosti kuwa siku ya kupinga majaribio ya nyuklia. Khatibu atakayeigusa siku hiyo katika khutba yake awakumbuke Waislamu wa Semipalatinsk, waliofanyiwa majaribio bila ya kuulizwa.

Wallahu aalam.